Wadogo zangu wa IELTS, "Moreover" iacheni ipumzike

Jana usiku nimesahihisha insha saba za kundi letu la kujiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Tano zimefungua aya ya pili kwa "Moreover". Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana uandishi ule naujua. Ni wangu wa zamani.

1. "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Kwa Kiswahili hakuna atakayekukunjia uso. Kiingereza hakitaki mbili: "although" ikishatangulia, "but" ibaki nyumbani. Hivyohivyo "because" na "that is why", hata kama kichwani unasikia "kwa kuwa... ndiyo maana".

2. "However" haishoni sentensi mbili kwa koma. Weka nukta, anza upya.

3. Kiunganishi si chumvi. Hapa nitubu kidogo. Mara ya kwanza nilikariri viunganishi arobaini, orodha nikaibandika mlangoni kwa choo. Siku ya mtihani, ndani ya dakika 40 za Task 2 (swali la insha), nikavimwaga karibu vyote. Swali lilihusu foleni za mjini. Nikaandika kwamba nauli ya basi ni nafuu, "therefore" serikali ipanue barabara. Therefore! Unafuu wa nauli na upana wa barabara wapi na wapi? Sikujiuliza, nilichotaka ni neno lionekane. Nikatoka kifua mbele, nikamwambia mama aanze kunitafutia koti la baridi mitumbani. Akalipata, zuri kweli. Matokeo yakaja: Writing, yaani sehemu ya kuandika, 5.5, chuo kinataka 6.5. Koti lile sasa analivaa mjomba akienda sokoni alfajiri, na kila nikimwona nakumbuka "therefore" yangu.

Wiki nzima nilimlaumu msahihishaji. Nilipokuja kufungua vigezo (baada ya kulipa ada, akili gani hiyo!) nikakuta mshikamano wa hoja ni robo nzima ya alama za insha, na kuzidisha viunganishi kumetajwa waziwazi kwenye bendi (ngazi ya alama) ya 5. Nilijisoma mwenyewe pale.

4. Funika kiunganishi kwa kidole, soma sentensi zote mbili. Zikielewana bila yeye, mara nyingi mfute. Zisipoelewana, hoja yenyewe ndiyo mbovu, na hakuna "furthermore" ya kuiokoa.

5. Task 2 ina uzito maradufu ya Task 1, swali la kwanza la kuandika. Gaweni muda kwa akili.

Na wewe wa insha ya saba, uliyeandika "Despite of although", nipigie leo kabla ya magharibi. Sikugombezi. Nataka tu kujua ilikuwaje.