Kola peke yake haimlindi dubu

Ninyi mnaojiunga na utafiti wa dubu weusi kule Minnesota, Marekani, jueni jambo hili mapema: msimu wa uwindaji hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na sheria ya jimbo haimkatazi mwindaji mwenye kibali kumpiga dubu aliyevishwa kola, yaani ukanda wa shingoni wenye kifaa cha kumfuatilia. Idara ya Maliasili inaomba tu aachwe. Ombi hilo lina nguvu pale tu mwindaji anapoifahamu kazi yenu na kuwaamini. Basi anzeni kuzungumza nao kabla ya katikati ya Agosti, kwa sababu ndipo wanapoanza kuweka chambo.

Wakati huo dubu anakula mchana kutwa ili anenepe kwa majira ya baridi. Mwaka ambao matunda ya mwituni na mbegu za mialoni ni haba, wataifuata chambo wengi zaidi, wenu wakiwemo.

Msiitegemee kola ionekane yenyewe. Kufikia Septemba manyoya yamejaa na kola imezama ndani yake. Mwindaji aliyekaa juu ya mti jioni anaona kivuli cheusi tu. Kinachosaidia ni hereni kubwa za masikioni zenye rangi kali. Mnapomfuata pangoni mwezi Machi kurekebisha kola, kagueni na hereni, na iliyopasuka ibadilisheni papo hapo.

Waombeni wawindaji wazitazame vizuri picha za kamera zilizofungwa penye chambo kabla msimu haujaanza. Ila msimtajie mtu yeyote mahali dubu anapolala, hata rafiki.

Wawindaji wengi husikiliza, nami naliamini hili kwa dhati. Jike aliyeitwa Namba 56 alivishwa kola mwaka 1981 akiwa na miaka 7. Uzeeni alionwa na wawindaji, wakamwacha apite kwa sababu waliombwa. Alikufa kwa uzee mwaka 2013, akiwa na miaka 39. Mfululizo wa taarifa kama huo haununuliki.

Na dubu wenu akipigwa? Inauma sana, lakini msimfokee mtu ambaye hakuvunja sheria. Mkimfokea, mwenzake atakayempiga mwingine ataficha kola. Mshukuruni kwa kutoa taarifa, mwombeni awaonyeshe alipompiga, chukueni kola, na hakikisheni jino limehifadhiwa, kwa kuwa umri wa dubu husomwa kwenye mzizi wa jino.