Drools ikigoma na ERR 102, usiutafute kwenye Excel mstari unaotajwa

Mkuu, umeuliza kwa nini mfumo wenu wa ghala hapo Lindi, unaotumia Drools (programu ya kuendesha kanuni za "ikiwa hivi, basi fanya vile"), umekataa jedwali jipya la bei na makato ya korosho, unatoa "[ERR 102] Line 61:22 mismatched input", wakati jedwali lenyewe lina mistari ishirini tu. Nahudumia mfumo wa aina hiyo huku Mtwara, na ujumbe huu hujitokeza sana msimu ukikaribia kufunguliwa, pale majedwali yanapobadilishwa mbiombio kabla ya mnada wa kwanza.

Hiyo 61 haihusiani na Excel. Drools hulichukua jedwali lako, ikaligeuza kuwa maandishi ya kanuni, halafu ikayasoma maandishi hayo. Kila mstari wa Excel hugeuka kanuni nzima yenye mistari kadhaa, kwa hiyo namba inakwenda mbali haraka. Namba ya kwanza ni mstari wa maandishi hayo, na ya pili ni nafasi ya herufi ndani ya mstari.

Basi yatoe uyaone. Ndani ya Drools kuna klasi (kipande cha programu ya Java) inaitwa SpreadsheetCompiler: ipe faili la Excel, itakurudishia maandishi yote. Yahifadhi, fungua mstari wa 61, kisha panda juu kidogo. Juu ya kila kanuni utakuta maelezo yanayotaja seli, mfano B11, na jina la kanuni lenyewe linaishia na namba ya mstari wa Excel: "Bei_11" imetoka mstari wa 11. Hapo umeshajua pa kwenda. Nawashangaa wanaofuta jedwali zima na kuanza upya wakati jibu limeandikwa pale.

Ukifika kwenye seli, angalia alama za kunukuu kwanza. Kama kichwa cha safu kimeandikwa daraja == "$param" ($param ni pale yanapoingia maneno ya seli), seli iwe na neno lenyewe bila alama za kunukuu: la pili. Karani akiweka alama zake tena, zinakuwa mbili mbili na kanuni inavunjika. Mara nyingine kichwa kimenakiliwa kutoka WhatsApp na alama zimekuja zile zilizopinda. Kwa macho zinafanana, Drools haizitambui. Angalia pia namba zilizoandikwa kama maneno, mfano 1,000. Ndani ya masharti ya Drools koma hutenganisha sharti na sharti, kwa hiyo andika 1000.

Ukiona makosa kumi, shughulika na la kwanza tu, kisha jaribu tena. Seli moja mbovu inaweza kuzaa mengine yote. Na ukikutana na "Unable to resolve ObjectType", yaani Drools haijaipata klasi iliyotajwa, usihangaike na seli: nenda mstari wa Import juu ya jedwali, uhakikishe jina la klasi limeandikwa kamili, herufi kubwa na ndogo zikiwa sawa.

Kinachonitia hofu zaidi ni kosa lisilotoa ujumbe wowote. Seli ya sharti ikiachwa wazi, Drools hailalamiki, inaliondoa sharti hilo. Seli ya daraja ikiwa tupu kwenye mstari wa bei ya daraja la kwanza, bei hiyo inaweza kuushika hata mzigo wa daraja la pili. Mfumo utaonyesha kila kitu kiko sawa, na hesabu itamharibikia mkulima wa Nachingwea au Tandahimba aliyeleta gunia zake AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kwa imani. Kwa hiyo hata ujumbe ukishatoweka, pitisha mizigo ya majaribio, mmoja wa kila daraja, na ulinganishe malipo na hesabu ya mkono pamoja na mhasibu wa chama. Fanya hivyo kabla ya mnada, maana malipo yakishatoka kuyarudisha ni kazi nzito.

Ikigoma bado, weka hapa ujumbe wa kwanza kamili, kanuni nzima iliyozalishwa na picha ya kichwa cha jedwali. Ficha majina ya wakulima.