Kiingereza cha Unyamwezini: namjibu mpwa wangu

Mpwa wangu aliyeshinda bahati nasibu ya viza ya Marekani ameuliza kwenye grupu la familia: "Mjomba, Kiingereza nilipata A, muvi za Kimarekani naangalia bila DJ wa kutafsiri. Nikifika huko si nitateleza tu?" Wengine mkadakia, mkataka nimfundishe misemo ya huku asije akaonekana mshamba. Nimetoka zamu ya usiku na usingizi umegoma, basi nijibu kama ilivyo.

Kiingereza chako kitakuvusha uwanja wa ndege, kitakuombea kazi, kitakufungulia akaunti ya benki. Kitakuangusha saa ya chakula, pale wabeba boksi wenzako wanapokaa kupiga soga. Kila neno utalijua, na bado hutajua wamesema nini. Utacheka kwa sababu wamecheka. Wengi wetu tumeishi hivyo kwa muda mrefu kuliko tunavyowaambia mkitupigia simu.

Misemo yao mingi imetoka mahali ambapo sisi hatukuwepo: kwenye besiboli, kwenye meza za kamari, na kwenye utumwa. Chukua "rain check". Miaka ya 1880, mechi ya besiboli ikivunjwa na mvua, mtazamaji alibaki na kipande cha tiketi cha kumwingiza siku nyingine bila kulipa tena. Leo ukimkaribisha mtu nyumbani akakwambia atachukua "rain check", ujue anakukatalia kwa adabu. Kuna dada mmoja wa Tanga hapa mjini alimwalika mwenzake wa kazini pilau ya Jumamosi, akajibiwa hivyo. Dada akachungulia dirishani, jua linawaka, wingu hata moja hakuna. Jumamosi akapika sufuria zima akasubiri. Tulioila ni sisi. Na hiyo siku nyingine haikutajwa tena, ingawa mwenzake hana kinyongo naye na kila asubuhi wanasalimiana kwa bashasha.

Kwenye kamari wamechukua "buck", kitu kilichowekwa mbele ya mgawa karata kwenye poka, mara nyingi kisu chenye mpini wa pembe. Aliyekwepa zamu alikisukuma kwa mwenzake. Ndiyo maana Rais Harry Truman aliweka mezani kibao cha "The buck stops here", kwamba lawama zinaishia kwake. Supavaiza wangu ana kikombe chenye maneno hayohayo. Lawama haziishii kwake.

Kwenye utumwa ndipo utulie kidogo, mpwa. Siku ya kikao cha bima ya afya, mama wa ofisi ya utumishi alitangaza kwamba walioajiriwa kabla ya Januari wamekuwa "grandfathered", yaani wanabaki na masharti ya zamani. Babu amegeuzwa kitenzi. Mzee mmoja mweusi, mzaliwa wa Louisiana, aliyekaa karibu yangu aliguna, na tulipotoka nje akanieleza. Tangu 1870 katiba yao ilikataza jimbo kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Mwaka 1898 Louisiana ikaweka mtihani wa kusoma na kuandika na sharti la mali, halafu ikamsamehe yeyote ambaye yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kufikia tarehe 1 Januari 1867. Babu wa mtu mweusi siku hiyo alikuwa ametoka utumwani juzi tu, kura angeipata wapi? Mzungu asiyejua kusoma akapita kwa jina la babu, mweusi akabaki nje. Majimbo mengine ya Kusini nayo yalikuwa na vifungu vya aina hiyo, mpaka Mahakama Kuu ilipokifuta cha Oklahoma mwaka 1915. Leo neno linatumika kwa bima na vifurushi vya simu, na yule mama alilitamka huku akitabasamu, bila ubaya wowote. Nadhani hajui.

Vivyo hivyo ukisikia mtu analalamika kwamba rafiki yake "sold him down the river", yaani amemuuza kule mto unakoelekea, anasema amesalitiwa. Mto wenyewe ni Mississippi. Watumwa wa majimbo ya juu waliuzwa kusini, kwenye mashamba ya pamba na miwa, na aliyeuzwa huko mara nyingi hakuwaona tena mke wala watoto.

Sasa lugha ya mtaani mnayoitaka. Sehemu kubwa wanaianzisha Wamarekani weusi, halafu wengine ndio wanaoiuza. Hata New York kuitwa "Big Apple" kulienezwa miaka ya 1920 na mwandishi wa mbio za farasi, John J. Fitz Gerald, ambaye mwenyewe aliandika kwamba alilisikia kwa watunza farasi weusi kule New Orleans. Miaka ya 1970 watu wa utalii wakalifanya nembo, likaenda kwenye fulana. Kwa hiyo neno linalokufikia Mbagala kwenye simu, wenyewe walishaliacha. Usije nalo. Na lile tusi la watu weusi mnaloliimba kwenye nyimbo liache hapohapo Dar. Rangi yako haikupi kibali. Mwenyeji atakuuliza umelipata wapi, na hatakuwa anatania.

Halafu usimeze kila asili utakayosimuliwa, maana huku kila mtu ni mwanahistoria. Watakuapia Chicago iliitwa "Windy City" na mhariri wa New York wakati wa maonyesho ya dunia ya 1893, ilhali magazeti ya Cincinnati yaliliandika jina hilo tangu miaka ya 1870. "OK" nayo kila kabila linadai ni yake. Ilianza kama utani wa gazeti la Boston mwaka 1839, enzi ambazo vijana waliona raha kuharibu tahajia makusudi, wakaandika "oll korrect" kumaanisha mambo sawa.

Usipoelewa, uliza. Wamarekani wanapenda kueleza, na ndiyo njia ya haraka ya kupata mtu wa kukaa naye saa ya chakula. Lafudhi usijilazimishe, ya kwako inaeleweka.

Nauli aliyoniomba baba yako nitaongea naye mwenyewe Jumapili. Hayo si ya humu kwenye grupu.