Wakala anataka asilimia 10 ya ufadhili wa voliboli Marekani: usisaini

Mama uliyeuliza: binti yuko kidato cha tatu hapa Kenya, ana mita 1.82, anacheza katikati, na wakala anataka asilimia 10 ya ufadhili atakaoupata chuo cha Marekani. Naanza na wakala, maana ndiye anayeweza kuharibu yote. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya kule, zinaruhusu kumlipa mtu ada ya kawaida ili asambaze taarifa za mchezaji. Malipo yanayotegemea ufadhili utakaopatikana zinayakataza. Ukisaini mkataba huo, mtoto anaweza kupoteza haki ya kucheza kabla hata hajapanda ndege. Tena kazi yenyewe mnaiweza nyumbani.

Kocha wa kule anaanza na vipimo, na urefu peke yake haumtoshi. Anataka kujua mkono unafika wapi. Pima namna tatu: amesimama wima na mkono mmoja juu, ameruka papo hapo na mikono miwili kama anayezuia, ameruka baada ya hatua za kukimbilia mpira kama anayepiga. Paka chaki vidoleni, aguse ukuta, upime alama kwa utepe. Kwa wa katikati, timu kubwa hupenda kuona mruko wa kupiga unaofika mita 3 au kuukaribia sana. Msiongeze sentimita hata moja. Wavu wa wanawake una mita 2.24, kwa hiyo kwenye video kocha ana rula mbele ya macho yake, na akishakukamata na uongo wa sentimita 10 hasomi mstari wa pili.

Video ndiyo wengi wanakosea. Simu ikiwekwa pembeni ya uwanja, karibu na benchi, kocha haoni mzuiaji anavyosogea. Iweke nyuma ya mstari wa mwisho, juu kuliko vichwa vya watu, kwenye jukwaa au juu ya meza, ilale kwa upana na ionyeshe uwanja mzima. Dakika 3 hadi 5 zinatosha, na vipande bora viwe ndani ya nusu dakika ya kwanza. Kabla ya kila kipande weka mshale au duara linaloonyesha mchezaji ni yupi, kwa sababu timu nzima imevaa jezi moja. Muziki hauna faida. Kwa nafasi ya binti yako wataangalia zaidi miguu kuliko mkono: anasoma seta (anayempangia mpigaji mpira), anafika pembeni kufunga ukuta na mwenzake, akitua anarudi haraka kujiandaa kupiga? Ambatisha pia seti moja nzima bila kukata, makosa yakiwemo. Kocha makini huifungua hiyo kuona anafanya nini baada ya kukosea.

Barua pepe iandikwe na binti mwenyewe. Kwenye kichwa cha barua aweke mwaka wa kumaliza shule, nafasi, urefu, mruko na nchi. Ndani, aya mbili fupi: alama za darasani, ratiba ya mechi, kiungo cha video, mawasiliano ya mwalimu wa timu. Kijaribuni kiungo kwenye simu ya mtu mwingine. Viungo vingi hufa kwa sababu vinaomba ruhusa ya kufungua. Aijaze pia fomu ya wachezaji iliyo kwenye tovuti ya timu. Kuandikia vyuo arobaini si kupita kiasi. Baada ya wiki tatu aandike tena, ila awe na jambo jipya la kusema.

Kuhusu kimya: kocha wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari. Kwa mfumo wetu wa vidato vinne, hiyo ni Juni ya kidato cha tatu. Akinyamaza kabla ya hapo, hajakataa. Vyuo vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na vile vya miaka miwili havibanwi hivyo, na mimi ningeviandikia mapema. Divisheni ya Tatu haina ufadhili wa michezo kabisa, ingawa hutoa msaada kwa alama za darasani au hali ya familia. Divisheni ya Pili kwa kawaida hugawa ufadhili vipande vipande, na tangu 2025 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyoingia kwenye mfumo mpya wa NCAA vinaweza kugawia wachezaji wa voliboli hadi 18, si lazima kila mmoja apate kamili.

Hapo ndipo familia hunaswa. Ahadi ya mdomo haimfungi kocha, na akihama huondoka nayo. Subirini karatasi ya msaada wa fedha, muulize: ni ya miaka mingapi, chakula na malazi vimo, bima ya afya nani analipa, na goti likivunjika inakuwaje? Ikiwa ufadhili ni nusu, chuo kitataka taarifa ya benki inayofidia pengo kabla ya kutoa fomu ya I-20, na bila fomu hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, ni juu yenu.

La mwisho ni ligi. Akimaliza kidato cha nne, klabu zitamtaka. Asisaini mkataba wa mshahara kabla ya kukiuliza chuo kinachomtaka, na asikae zaidi ya mwaka akicheza ligi. NCAA inaweza kumkata misimu ya kucheza chuoni. Afungue akaunti ya Eligibility Center, ofisi ya NCAA inayokagua kama mchezaji anastahili kucheza, sasa, akiwa bado shuleni, ili ajue mapema kama masomo yake ya Kiingereza, hesabu na sayansi yanatosha.