Dakika 40 mbele ya walimu wenzako

Juzi mwalimu mmoja wa Gredi ya 4, wa ng'ambo ya Likoni, aliniletea ujumbe. Mada yake imekubaliwa kwenye kongamano la walimu hapa Mombasa likizo ya Agosti. Amepewa dakika 40 na chumba cha watu 60, na swali lake ni moja: slaidi ngapi zatosha?

Kwanza hongera, mwalimu, na naisema kwa moyo wote. Mji huu umezoea kupokea walimu wakuu wa KEPSHA (chama cha shule za msingi) na KESSHA (cha sekondari) kwa mikutano yao mikubwa, lakini mwalimu wa darasani kusimama mbele ya wenzake na kuwaonyesha kazi yake ni jambo tunaloliona kwa nadra mno. Ndiyo maana jibu langu litakuwa refu kuliko swali.

Slaidi 3 zatosha. Mzigo wako uwe madaftari ya watoto.

Chukua hesabu ya kutoa. Waandikie darasa zima 403 − 168, usiwasaidie, kisha kusanya madaftari. Jibu ni 235. Waliolipata waweke kando, uwatafute walioandika 365, 245 na 265. Aliyepata 365 hakukopa popote: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 8 toa 3, 6 toa 0, 4 toa 1. Wa 245 amekopa, akaigeuza sifuri kuwa 10, akasahau kwamba kumi moja imeshakwenda kwa mamoja, kwa hiyo pale palistahili kubaki 9. Naye wa 265 ameiruka sifuri kabisa, akakopa mia moja kwa moja hadi kwenye mamoja, halafu pale kwenye 0 toa 6 akaandika 6. Wote watatu wamepata alama ya kosa, lakini kila mmoja ana ugonjwa wake na dawa yake. Ukiwapa zoezi lilelile la marudio, umewapa watatu kidonge kimoja.

Hapo ndipo penye mada. Walimu 60 wakiyatazama madaftari hayo na kubishana mtoto alifikiri nini, watajifunza zaidi ya watakayojifunza kwa slaidi 40 zinazoeleza umilisi, yaani uwezo wa mtoto kutumia alichojifunza, ni nini. Nasema hivi kwa uchungu. Mwalimu anatoka Lunga Lunga alfajiri, anavuka feri, anakaa siku nzima akisomewa maneno yaleyale yaliyo kwenye mwongozo alionao shuleni, anarudi na cheti. Hiyo ni siku ya mtu imepotea.

Sasa vifaa. Piga fotokopi ya yale madaftari matatu kwenye karatasi moja ya A4, ukifunika majina ya watoto kwanza. Penseli ya mtoto haitoki vizuri kwenye mashine. Mwambie mwenye duka aongeze weusi, au upitishe kalamu nyeusi juu ya tarakimu kwenye nakala, kamwe si kwenye daftari lenyewe. Toa nakala 75, kwa sababu chumba cha 60 kikisifiwa huingia wengine. Halafu kata vipande vya manila viwe pesa: kila kundi la watu 5 lipate noti 4 za mia, vipande 10 vya kumi na 13 vya moja. Jumla ni vipande 27, na kwa makundi 12 ni 324. Vikate nyumbani, kila kundi bahasha yake. Anayetaka kuvikata asubuhi ya kongamano atakuwa bado na mkasi mkononi washiriki wakiingia.

Kundi linaanza na noti 4 na shilingi 3 mezani, vingine vinabaki "benki". Linatakiwa kulipa 168. Haiwezekani kutoa 8 kwenye 3, na ukienda kwenye makumi hakuna kitu. Lazima noti moja ivunjwe benki kuwa kumi 10, na kumi moja kati ya hizo ivunjwe kuwa moja 10. Mezani sasa pana mamia 3, makumi 9, mamoja 13. Ile 9 waione kwa macho. Ukifika hapo nyamaza sekunde chache, usiwakimbize.

Mgawanyo wa dakika: 3 za kufungua, 7 kila mtu atazame karatasi peke yake, 10 za makundi, 8 za pesa, 7 za mjadala wa wote, 5 za kuandika (ya kuandika nitayaeleza mwishoni). Sehemu ya mtu kutazama peke yake usiiruke, maana ukianza na makundi moja kwa moja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayefikiri kwa niaba ya wengine.

Ila dakika 40 hutazipata. Mgeni rasmi akichelewa, ufunguzi wa saa tatu unakuwa saa tano, kisha hotuba, kisha picha ya pamoja, kisha chai. Muda unaokatwa ni wa mwalimu wa kawaida. Ni haki? Hapana, na waandaaji wanapaswa kuambiwa hivyo. Wewe lakini ingia na mpango wa pili wa dakika 12 umeshaandikwa: wawili wawili na karatasi dakika 5, mjadala 4, kuandika 3, pesa zibaki kwenye bahasha. Kosa la wengi ni kubana dakika 40 ndani ya 12 kwa kuongea mbio. Kata sehemu nzima, usikate pumzi. Zile za kuandika zisiguswe.

Kama zamu yako ni Ijumaa, hakikisha umemaliza kufika saa sita na robo ili wanaokwenda msikitini wasikuache katikati. Na ukipangiwa saa nane, baada ya pilau, anza na pesa badala ya karatasi. Mikono ikifanya kazi, usingizi hukimbia.

Kuhusu chumba: fika mapema uwashe projekta mwenyewe. Nyingi bado zina tundu la VGA na laputopu mpya hazina, kwa hivyo beba kiunganishi chako, ekstenshoni, na slaidi zako katika PDF kwenye flashi. Kumbi za huku zina madirisha mapana na jua la bahari; slaidi yenye herufi za kijivu haitaonekana. Feni zikiwashwa karatasi zitapaa, ziwekee uzito. Seloteipu haishiki kwenye kuta zenye unyevu wa pwani, basi nunua kamba na vibanio vya nguo utundike manila zako hapo.

Maswali waombe wayaandike kwenye vikaratasi. Ukitoa maiki, mtu mmoja atasimama na hotuba na muda utaisha.

Zile dakika za mwisho kila mmoja aandike mambo mawili: hesabu gani atawapa watoto wake wiki ya kwanza ya muhula, na mwenzake yupi shuleni atakuja kukaa nyuma ya darasa kutazama. Wazo hili si geni Kenya. SMASSE, mradi wa hesabu na sayansi ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwafundisha walimu wa sekondari mzunguko wa panga, fanya, tazama, boresha. Makongamano yetu mengi huishia kwenye panga. Jambo la mwenzako kutazama ndilo gumu, kwa kuwa mwalimu anadhani anakaguliwa. Mwelezeni mwenzenu huyo awatazame watoto na madaftari yao, asimtazame mwalimu, na asiandike alama yoyote.

Kila mtu aandike nakala mbili, moja abaki nayo, moja akupe pamoja na nambari yake ya simu. Wiki ya tatu ya muhula watumie ujumbe mmoja tu: nitumie picha ya daftari lenye kosa ambalo hukulitarajia.