Umeme wa Lubumbashi: maji, sola, na hesabu ya megawati

Swali: «Bwana Mhandisi, mimi ni mwalimu, ninaishi Katuba. Tangu utoto tulifundishwa kwamba umeme wetu unatoka Inga, kwenye mabwawa ya mto Kongo. Siku hizi ninaona paneli za sola juu ya mabati ya majirani, na migodi nayo inatangaza mashamba makubwa ya sola. Je, vyanzo vya umeme wa SNEL, shirika letu la umeme la taifa, vinabadilika kweli? Na kama vinaongezeka, kwa nini delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, haiishi?»

Jibu: Ndugu Mwalimu, nianze kwa kusahihisha kidogo yale mliyofundishwa. Umeme wa Katanga haukuanzia Inga. Umeanzia hapa hapa, kwenye mto Lufira, ambako Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilifungua kituo cha Mwadingusha mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vyake vya shaba. Baadaye kikafuata Koni, chini kidogo ya mto huo huo, kisha katika miaka ya 1950 vikajengwa Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Nseke peke yake ina uwezo wa megawati 248, na wakati huo umeme ulikuwa mwingi kiasi kwamba kuanzia mwaka 1956 laini ya kilovolti 220 iliupeleka Kitwe, kuwasaidia wachimbaji wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) kabla bwawa la Kariba halijakamilika. Leo njia hiyo ya kusini ndiyo inayotuletea umeme tunaoununua Zambia. Mimi hupenda kuwakumbusha vijana wa kazini jambo hili, kwa sababu wengi wanadhani tumekuwa wanunuzi tangu mwanzo.

Inga ilikuja baadaye: Inga I mwaka 1972, yenye megawati 351, na Inga II mwaka 1982, yenye mitambo minane ya megawati 178 kila mmoja. Ili umeme huo utufikie ilijengwa laini ya kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, yenye mkondo mnyoofu wa kilovolti 500. Ndiyo maana nguzo zake zinapita juu ya vijiji vilivyo gizani: mkondo mnyoofu hauwezi kuchotwa njiani kwa transfoma ya kawaida, ni lazima kwanza ugeuzwe kuwa mkondo geu katika kituo maalumu, na kituo cha aina hiyo ni ghali mno kwa kijiji kimoja.

Sasa swali lako la kwanza. Ukitazama jedwali la uzalishaji wa SNEL la wakati wowote, utakuta karibu umeme wote ni wa maji. Ila jedwali hilo linahesabu mitambo ya SNEL peke yake. Halihesabu magrupu ya mazuti (jenereta za dizeli) yanayonguruma nyuma ya hoteli, wala paneli za majirani zako, wala umeme ambao mgodi unajizalishia. Kwa hiyo mabadiliko yapo, lakini mengi yanatokea nje ya jedwali. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa wawekezaji binafsi, na tangu hapo hata maji yenyewe yamepata wenyewe wapya: kituo cha Busanga kwenye Lualaba, chenye megawati 240, kilijengwa kwa ajili ya mradi wa shaba, na Mwadingusha ilifufuliwa kwa fedha za mgodi wa Kamoa, ambao nao ukapata sehemu ya umeme.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kulinganisha megawati ya sola na megawati ya maji kana kwamba ni kitu kimoja. Megawati ni uwezo wa mtambo. Kinachopika ugali wako ni saa za umeme. Mwaka una saa 8,760. Mtambo wa maji wa megawati 1 unaofanya kazi kwa asilimia 60 ya uwezo wake utatoa saa-megawati 5,256 kwa mwaka. Paneli za megawati 1, hata chini ya jua letu zuri, zitatoa kama asilimia 20, yaani 1,752 hivi. Mfano ulio hai ni mradi uliotangazwa kwa ajili ya Kamoa mwaka 2025: zaidi ya megawati 200 za paneli, pamoja na betri kubwa sana, ili kuupatia mgodi megawati 30 zisizokatika mchana na usiku. Anayesoma «megawati 200» gazetini akadhani amepata Nseke ya pili amejidanganya.

Hata hivyo sola ina faida moja ambayo kwetu ni kubwa kuliko watu wanavyoisema. Lufira na Lualaba ya juu hutegemea msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kufikia Septemba mabwawa yamekwisha kushuka, hasa ziwa Tshangalele la Mwadingusha, ambalo halina kina, na hapo ndipo anga letu linapokuwa halina wingu hata moja. Jua linajaza pale maji yanapopungua, na kila saa ya mchana ambayo paneli zinafanya kazi ni maji yanayobaki bwawani kwa ajili ya jioni. Zambia haiwezi kutufanyia hivyo, kwa maana ukame wake mara nyingi ni ukame wetu. Mwaka 2024, Kariba ilipokaribia kukauka, Wazambia wenyewe walikaa gizani.

Kuhusu delestaji: vyanzo vinaongezeka, lakini migodi inaongezeka kwa kasi zaidi, nao mji unataka umeme saa ile ile jua linapozama. Na kuna jambo ambalo chanzo chochote hakitalitibu. Mwezi uliopita saa moja jioni nilipima volti nyumbani kwangu nikakuta 158 badala ya 220, taa ikiwa nyekundu kama kaa la mbabula, huku umeme ukiwa haujakatwa kokote. Kabini ya mtaa wetu, yaani kibanda cha transfoma, iliwekwa kwa ajili ya nyumba chache, na leo inalisha mara tatu yake, pamoja na wale waliojiunganishia usiku. Kwa hiyo, Mwalimu, siku taa zenu zitakapofifia Katuba, pimeni volti kwanza. Zikiwa chini huku umeme upo, tatizo liko kwenye kabini au nyaya za mtaa, na barua yenu iombe transfoma kubwa zaidi.