Maswali ya Wasomaji: Kusomea Uhifadhi wa Maliasili Lubumbashi

SWALI: Mhariri, nimepata Diploma ya Taifa katika tawi la biolojia na kemia, na ninataka kusomea uhifadhi wa maliasili katika chuo kikuu cha serikali. Baba mkubwa, ambaye ndiye atakayenilipia masomo, anasema hiyo ni kazi ya kulinda wanyama porini, na kwamba mtoto wa Katanga mwenye akili husomea madini. Je, ana haki?
Msomaji wa kike, Kamalondo

JIBU: Dada, baba mkubwa ana haki anaposema kwamba fedha ya mkoa huu iko katika madini, lakini anakosea anapodhani kwamba uhifadhi uko upande wa pili wa mto. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai kila kampuni ichunguze madhara ya kazi yake kwa mazingira na ieleze jinsi itakavyoyatengeneza. Uchunguzi huo hauwezi kuandikwa, wala kukaguliwa, na mtu asiyejua udongo, maji na mimea.

Mtembeze mzee wako hadi mtaa wa Penga Penga, hapa Lubumbashi. Moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, wenye gesi ya salfa na vumbi la metali, uliangukia upande huo kwa miaka mingi, na udongo ukajaa shaba kiasi kwamba mimea mingi haiwezi tena kuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda hapo nyasi iitwayo Microchloa altera, ambayo imezoea shaba kwa sababu asili yake ni vilima vyetu vyenye madini, wakachanganya udongo na chokaa na mboji ili sumu ipungue makali na mizizi ipate kushika. Lengo halikuwa kuiondoa shaba, bali kuifunga mahali ilipo, ili upepo wa kiangazi usiipeleke kwenye nyumba za watu. Hiyo ni kemia tupu, nawe diploma yako inakupa msingi wake.

Chuoni hapo fani hii inafundishwa katika Kitivo cha Sayansi za Kilimo. Kwa mfumo mpya, lisansi ni miaka 3 yenye krediti 180, na masta ni miaka 2 yenye krediti 120. Masomo hutolewa kwa Kifaransa, na takwimu huwashinda wengi kuliko majina ya miti ya Kilatini. Utasoma pia sheria ya uhifadhi wa asili ya tarehe 11 Februari 2014, ambayo, ajabu yake, ilitiwa saini siku moja na sheria ya elimu ya taifa. Kisangani kuna kitivo kizima cha usimamizi wa maliasili, lakini kwa mtu anayekaa Kamalondo sioni faida ya kwenda mbali hivyo kabla ya masta.

Wanyama wapo, sikatai: hifadhi ya Upemba ya mwaka 1939 bado ina punda milia, na Kundelungu ya mwaka 1970 si mbali nasi. Hata hivyo nafasi za kazi huko ni chache na ulinzi wake ni wa hatari, kwa hiyo mtu anayechagua fani hii kwa kupenda wanyama pekee namshauri afikiri tena. Mwambie pia baba mkubwa kwamba katika vyuo vya serikali mwaka wa masomo unaweza kurefuka kwa sababu ya migomo, na safari za porini mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe; aiweke hesabu hiyo mapema.

SWALI: Mhariri, msimamizi wangu amekataa mada yangu, «Ukataji wa miti Haut-Katanga», akisema ni pana mno. Nifanye nini?
Mwanafunzi, komini ya Kenya, Lubumbashi

JIBU: Amekutendea wema. Chukua kijiji kimoja kinachochoma makala ya kupikia, na ndani yake matanuri machache yaliyokwisha kuachwa. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyaacha yaungue polepole. Chini ya tanuri ardhi huiva, na miti huchelewa kurudi. Hatua chache kutoka hapo visiki vya miombo huchipua vyenyewe, mradi mizizi haikung’olewa kwa ajili ya shamba la mahindi. Pima tofauti hiyo: hesabu machipukizi kwa kila kisiki, andika urefu wake na jina la mti, na umwulize mchomaji mwenyewe alikata mwaka gani, kwani tarehe hiyo huipati popote pengine. Nenda mwezi wa Mei au Juni, kabla ya mioto ya kiangazi. Ukichelewa hadi Septemba utakuta machipukizi mengi yameungua, na hutajua yapi yaliuawa na moto na yapi yalikuwa yamekufa tayari.